Kurasa 18 za Neno Moja

Fungua toleo la kwanza la Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, lile lililokamilika mwaka 1928, utafute kitenzi "set". Ni herufi tatu tu, na mtoto wa Kiingereza hulijua neno hili kabla hajaanza shule. Lakini maelezo yake yamejaza zaidi ya kurasa 18, nazo ni kurasa kubwa zenye safu tatu tatu za chapa ndogo. Maana zake zimegawanywa katika vifungu vikuu 154. Kifungu cha mwisho, kinachoeleza "set up", kina matawi mengi hata herufi za kuyapanga zikaisha: watungaji walianza na a, wakafika z, wakarudia aa, bb, cc, wakaja kukomea rr.

Habari ya namna kurasa hizo zilivyopatikana ni ndefu kuliko umri wa mtu mmoja, na ndani yake wamo watu waliozeeka na hata kufa kazini. Kinachonivuta kwao ni jambo moja. Kwa karne kadhaa wasomi wa Kiingereza waliyatukuza maneno makubwa na kuyapita haya madogo kana kwamba hayapo, kisha kila aliyeazimia kutunga kamusi kamili akakuta kwamba jasho lake lote linamwagika kwenye madogo.

Asili ya "set" haimpi taabu msemaji wa Kiswahili. Sisi tuna keti na ketisha, kaa na kalisha. Waingereza wa kale walikuwa na "sittan", yaani kuketi, na kutokana nacho wakapata "settan", yaani kuketisha. Wajerumani wana jozi hiyo hiyo mpaka leo. Kwa hiyo chimbuko la kitenzi hiki ni kumfanya mtu au kitu kikae mahali pake. Nomino "set" yenye maana ya kundi la vitu vinavyokwenda pamoja, ambayo sisi tumeipokea kama seti ya vikombe, seti ya tenisi na seti za hisabati, ina mzazi mwingine kabisa: ilitoka Kilatini "secta" kupitia Kifaransa cha zamani, neno lililowapa Waingereza pia jina la madhehebu. Maneno mawili yasiyo ndugu yalifanana sauti, yakaishi pamoja, mwishowe yakachanganyika hata ikawa vigumu kusema hili limeishia wapi na lile limeanzia wapi.

Tazama sasa kazi ambazo kitenzi hicho kimoja kilibebeshwa. Baharia akitweka tanga, Mwingereza husema "set". Mwindaji akitega mtego, "set". Mwalimu akitunga mtihani, sonara akipachika kito kwenye pete, tabibu akiunga mfupa uliovunjika, mama akiandaa meza, mpiga chapa akipanga herufi zake za risasi, fundi akifungua meno ya msumeno, mwashi akisubiri saruji ishike, jua likizama magharibi, muuzaji akitaja bei, mtu akitia moto kichaka: kote humo "set" inafaa. Kiswahili kimeipa kila kazi kitenzi chake, nacho kinanukia kazi yenyewe. Hakuna atakayechanganya kutweka na kutega. Kiingereza kilichukua njia nyingine. Kilimkabidhi mtumishi mmoja shughuli za nyumba nzima, kikaacha maneno yanayomzunguka yaseme ni shughuli ipi.

Vitabu vya kwanza vya maneno havikumtazama mtumishi huyo. Mwaka 1604 mwalimu Robert Cawdrey alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kilikuwa na maneno yapata 2,500, yote magumu: ya Kilatini, ya Kigiriki, ya Kifaransa, maneno ambayo msomaji angeyasikia kanisani au kuyaona kitabuni akakwama. Nakala moja tu inajulikana kubaki, nayo iko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Waliomfuata Cawdrey walishindana naye kwa wingi wa maneno magumu. Neno ambalo kila mtu analijua lilionekana halina haja ya kuelezwa. Ilipita karibu karne nzima kabla kamusi iliyotoka mwaka 1702, inayoaminika kuwa ya John Kersey, haijaanza kuingiza maneno ya kila siku, na hata hapo maelezo yake yalikuwa mafupi mno.

Aliyelikabili tatizo ana kwa ana ni Samuel Johnson. Mwaka 1746 wauza vitabu wa London waliingia naye mkataba, akaahidi kumaliza kwa miaka 3. Alipanga nyumba Gough Square, akawaweka darini wanakili 6, watano kati yao Waskoti, akaanza kusoma. Alikuwa akipigia mstari neno kitabuni na kuandika pembeni herufi yake ya kwanza; wanakili wakaihamisha sentensi kwenye karatasi. Mwanzoni alifikiri angeweza kupanga maana za kila neno kwanza, halafu atafute sentensi za kuzithibitisha. Sentensi zikakataa. Zilipofika mezani zilileta maana ambazo hakuzitazamia, zikasimama katikati ya mafungu mawili, zikafanya mgawanyo wake uonekane wa kubuni. Ilimbidi auache mswada wa kwanza na kuupanga upya. Kamusi ikatoka Aprili 1755, miaka 9 tangu kusaini, ikiwa na maneno zaidi ya 42,000. Kitenzi "take" peke yake kilipata maana 134. Katika dibaji yake Johnson alivitaja vitenzi vilivyomtesa, na karibu vyote ni vya silabi moja: "get", "give", "do", "put", "set", "go", "run", "make", "take", "turn". Aliona kwamba matumizi yake ni mapana na hayashikiki, na kwamba havitulii kwa sababu lugha yenyewe bado iko hai midomoni mwa watu. Naamini hapo Johnson aligusa kiini cha jambo zima, miaka 100 kabla ya wengine.

Karne moja ikapita. Mwaka 1857 Chama cha Wanafilolojia cha London kiliunda kamati ya kutafuta maneno yaliyosahauliwa na kamusi zilizokuwapo. Wajumbe walikuwa watatu: Richard Chenevix Trench, kasisi mkuu wa Westminster, Herbert Coleridge, mwanasheria kijana, mjukuu wa mshairi, na Frederick Furnivall, mtu wa harakati nyingi asiyetulia. Novemba mwaka huo Trench alisoma mbele ya chama makala yake juu ya kasoro za kamusi za Kiingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba mtunga kamusi ni mwanahistoria, si hakimu. Hana ruhusa ya kuchagua maneno mazuri na kuyatupa mabaya. Kazi yake ni kueleza maisha ya kila neno, limezaliwa lini, limepita kwa nani, limebadilika vipi na kama limekufa limekufa lini, na ushahidi wa hayo uwe ni sentensi zilizoandikwa na watu, kila moja na tarehe yake. Kutoka hapo wakaacha wazo la kutunga kiongezo cha kamusi zilizokuwapo, wakaazimia kutunga kamusi mpya kabisa.

Coleridge alikuwa mhariri wa kwanza. Alitengenezewa rafu yenye vishubaka 54 vya kutunzia vikaratasi, akafariki mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 30. Furnivall akashika hatamu. Alikuwa hodari wa kuwasha moto na dhaifu wa kuuchochea. Wasaidizi wakachoka mmoja mmoja, vikaratasi vikatawanyika. Vilipokuja kukusanywa, mafungu ya Pa yalipatikana katika banda la farasi Ireland, ya H yalikuwa Florence, na ndani ya gunia moja alikutwa panya aliyekufa.

Aliyeyapokea magunia hayo ni James Murray, mwana wa mshona nguo kutoka kijiji cha Denholm, Uskoti, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kujifundisha lugha moja baada ya nyingine. Wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya Mill Hill, karibu na London. Machi 1879 alitia saini mkataba na kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Oxford: juzuu 4, kurasa 7,000 hivi, muda wa miaka 10. Akajenga uani banda la mabati, akaliita Scriptorium, akapigilia ukutani vishubaka 1,029. Vikaratasi alivyorithi vilikuwa na uzito wa karibu tani 2.

Murray alipoanza kuvifungua alikuta jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo linaloeleza kila kitu kilichofuata. Wasomaji wa kujitolea walikuwa wameambiwa waandike kila neno litakalowashangaza: la kale, jipya, geni, la ajabu. Wakafanya hivyo kwa uaminifu. Kwa hiyo neno "abusion", lililokwisha kufa, lilikuwa na mifano yapata 50. Neno "abuse", ambalo kila Mwingereza hulitumia, halikufikisha hata mifano 5. Jicho la msomaji lilikuwa limeruka juu ya maneno ya kila siku bila kuyaona, kwa sababu yalikuwa kila mahali. Watu walikuwa wanamrudia Cawdrey, miaka 275 baadaye, na bila kujua.

Ikawa lazima kuwaomba tena. Aprili 1879 Murray alitoa tangazo, nakala 2,000 zikasambazwa katika maduka ya vitabu na magazetini, Uingereza, Marekani na makoloni. Safari hii aliwasihi wasomaji wachukue pia maneno ya kawaida, hasa pale sentensi inapofafanua maana yake. Mwitikio ulikuwa mkubwa. Mtu mmoja, Thomas Austin, alipeleka mifano 165,000. Mwingine, Mmarekani W. C. Minor, daktari wa jeshi aliyekuwa amefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumuua mtu London mwaka 1872, alifanya kazi kinyume na wenzake: aliuliza wahariri wanataka neno gani wiki hiyo, kisha akawatafutia katika faharasa alizozitengeneza mwenyewe. Jumla ya vikaratasi ilikuja kufika yapata milioni 5.

Kikaratasi chenyewe kilikuwa na urefu wa inchi 6 na upana wa inchi 4. Juu kushoto liliandikwa neno. Chini yake mwaka, mwandishi, kitabu na ukurasa. Kisha sentensi nzima, ikinakiliwa kwa mkono. Watoto wa Murray, waliokuwa 11, walianza kuvipanga kialfabeti tangu wadogo na kulipwa senti chache za kutumia. Baada yao msaidizi alivipanga kwa tarehe, halafu kwa aina ya neno. Hapo ndipo mhariri alipokaa kitini. Murray alikaa juu ya jukwaa lililoinuka kidogo, na majira ya baridi aliingiza miguu ndani ya sanduku ili upepo wa chini ya mlango usimfikie. Banda lilikuwa na unyevu na baridi kali, naye aliugua nimonia zaidi ya mara moja.

Sehemu ya kwanza ilitoka Februari 1884, kurasa 352. Ilianza na A na kuishia "ant", yaani chungu mdudu. Nusu ya muda wa mkataba ilikuwa imekwisha na Kiingereza kilikuwa bado hakijafika herufi B. Wakuu wa uchapaji walishtuka, wakaanza kudai kasi, wakataka maana zipunguzwe na mifano ifupishwe. Murray alikataa, mara kadhaa akakaribia kujiuzulu. Mwaka 1885 alihamia Oxford, akajenga Scriptorium ya pili nyuma ya nyumba yake katika barabara ya Banbury, na posta ikaweka sanduku la barua mbele ya lango lake kwa sababu ya wingi wa barua alizokuwa akituma.

Msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mtu aliyeitwa Henry Bradley, ambaye kwa miaka 20 alikuwa karani wa barua katika kampuni ya visu Sheffield, aliandika mapitio ya sehemu ile ya kwanza katika gazeti la London. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia jijini, hana shahada, hana cheo. Murray aliyasoma mapitio hayo, akaona kwamba mwandishi wake anajua historia ya maneno sawasawa na yeye. Akampa kazi, na mwaka 1888 Bradley akawa mhariri kamili mwenye kikosi chake. Husimuliwa kwamba alijifunza kusoma akiwa mdogo kwa kumwangalia baba yake akisoma Biblia magotini, naye akiwa amesimama upande wa pili, kwa hiyo aliweza kusoma maandishi yaliyopinduka juu chini.

Huyu ndiye aliyeangukiwa na "set". Mwanzoni mwa miaka ya 1910 yeye na wasaidizi wake, akiwamo binti yake Eleanor, walikuwa wakifanya kazi katika jengo la Old Ashmolean, katikati ya mji wa Oxford, na sehemu yake ya alfabeti ilikuwa S. Mtu anaweza kudhani kwamba neno rahisi namna hii lingemalizika upesi, maana hakuna cha kutafuta. Kila mtu analijua. Taabu ilikuwa hapo hapo.

Chukua jua. Kiini cha "set" ni kuketisha, kwa hiyo pawe na anayeketisha na kinachoketishwa. Jua linapozama, nani amelikalisha? Kitenzi kimebaki bila mtendwa. Je, zamani watu walisema jua limejikalisha, kisha lile "ji" likadondoka? Au ni kitenzi "sit" kimeteleza na kuvaa nguo za ndugu yake? Chukua kuku anayeatamia mayai. Wakulima walimwambia "set", walimu wa sarufi wakasema sahihi ni "sit", na sentensi za karne kadhaa ziko mezani zikishuhudia kwamba wakulima hawakuwa wamezusha jambo jipya. Chukua saruji inayoshika na maziwa yanayoganda. Je, maana hii imetoka kwa kitu kilichowekwa kikatulia, au kwa mtu aliyekaza uso na meno? Ukikihamisha kikaratasi kimoja kutoka fungu hili kwenda lile, tarehe ya kwanza ya fungu inabadilika. Tarehe ikibadilika, mpangilio wa maana unageuka. Mpangilio ukigeuka, mafungu ya jirani nayo yanadai kuhamishwa. Na Bradley hakuwa na njia ya mkato, kwa kuwa kanuni ya Trench ilimtaka afuate neno lilikopita, si kule ambako yeye angependa lipite. Matokeo yake ni vifungu vile 154. Mimi sioni kitu cha kustaajabisha zaidi katika kamusi nzima, pamoja na maneno yote adimu yaliyomo humo.

Murray hakuuona mwisho. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1908, akafariki Julai 1915 akiwa katika herufi T, ambako alikuwa amekwisha kupambana na "take". Bradley alifuata mwaka 1923. William Craigie, Mskoti wa Dundee aliyesimamia R, na Charles Onions, ndio waliofikisha kazi ufukoni. Aprili 1928 juzuu ya mwisho ikatoka: kurasa 15,490, maneno 414,825, mifano 1,827,306. Mkataba wa miaka 10 ulikuwa umechukua miaka 49, na tangu makala ya Trench ilikuwa imepita miaka 71.

Kiswahili hakikuwa mbali na shughuli hiyo. Mwaka 1894, Murray akiwa katika herufi D, kiwanda hicho hicho cha uchapaji cha Oxford kilitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya Arthur Madan, mmisionari wa shirika la UMCA aliyefanya kazi Zanzibar, na mwaka 1903 ikafuata ya Kiswahili na Kiingereza. Juu ya msingi wa Madan ndipo Frederick Johnson na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki walipojenga kamusi mbili za mwaka 1939, na kiwanda hicho kikachapa pia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI mwaka 1981. Mtunga kamusi wa Kiingereza na Kiswahili hupata taabu ya Bradley kwa namna yake: akifika "set" hana neno moja la kulitupa mbele ya msomaji, bali ana tweka, tega, tunga, pachika, andaa, panga, zama, ganda, atamia, na lazima aeleze kila moja linafaa wapi. Akigeuka upande wa Kiswahili hukutana na piga.

Nitairudia piga baada ya kumaliza habari za Oxford. Kiongezo kilitoka mwaka 1933, kisha vingine vinne chini ya Robert Burchfield, mtu wa New Zealand, na mwaka 1989 vyote vikaunganishwa kuwa toleo la pili, juzuu 20. Humo kitenzi "set" kilihesabiwa kuwa na maana 430 na maneno ya maelezo yapata 60,000. Hii ndiyo takwimu iliyoingia katika vitabu vya rekodi, na mpaka leo mashindano ya chemsha bongo huitumia. Lakini kazi ya kuipitia kamusi yote upya ilikuwa inaanza, na kuanzia mwaka 2000 matokeo yake yakawa yanawekwa kwenye intaneti. Wahariri hawakuanza na A, ambayo Murray aliitunga akiwa bado anajifunza kazi. Walianza na M. Kwa hiyo "make" ilitangulia, ikaipita "set" kwa ukubwa. Mwaka 2007 "put" ikaipita "make". Mwaka 2011 zamu ilifika kwa neno ambalo Craigie alilishughulikia miaka 100 nyuma: "run".

Aliyelipitia ni Peter Gilliver, mhariri ambaye baadaye, mwaka 2016, aliandika historia ya kamusi yenyewe. Lilimchukua miezi 9. Alipomaliza, kitenzi hicho kilikuwa na maana 645.

Jinsi "run" ilivyoipita "set" ni historia ya miaka 200 iliyopita. Hapo kale lilikuwa neno la miguu na la maji: mtu anakimbia, mto unatiririka, pua inachuruzika. Waskandinavia waliofanya makazi Uingereza walikuwa na neno lao la jamii hiyo, likalitia nguvu. Kisha zikaja mashine. Kinu kikizunguka ni "run", garimoshi likishika njia yake kila siku ni "run", kiwanda kikiendeshwa ni "run", na mwenye kiwanda naye anakiendesha kwa neno hilo hilo. Wamarekani wakalitumia kwa kugombea uchaguzi, jambo ambalo Waingereza walikuwa wakilisemea "stand", yaani kusimama. Wacheza kriketi wakalifanya kipimo cha ushindi, wafumaji wakalisemea soksi inayofumuka, wafua nguo wakalisemea rangi inayochuja. Halafu zikaja kompyuta na programu zake. Wakati "set" ilikuwa neno la mikono, ya kuweka na kutuliza kitu, "run" ilikuwa neno la mwendo, na karne ya mashine ilikuwa na mwendo mwingi wa kulisimulia.

Piga yetu imepitia safari ya namna hiyo, nayo haijaandikiwa historia. Tunapiga hodi, magoti, chafya, mbizi, mluzi, kambi, pasi, mswaki, chapa, picha, kura, marufuku. Baadhi ya matumizi hayo yana pigo ndani yake, mengine hayana hata kivuli chake. Kamusi zetu huyaorodhesha, na zinafanya hivyo vizuri, lakini hazituambii lipi lilitangulia. Waya wa simu ya kupeleka habari ulifika Zanzibar mwaka 1879 kupitia Aden, kabla simu ya kuzungumzia kwa sauti haijaenea huko, na neno simu lilikuwa la waya ule. Basi aliyesema kwa mara ya kwanza "piga simu", alikuwa anafikiria kidole cha karani kikigonga kitufe cha mashine, au alichukua tu kitenzi kilichokuwa karibu? Picha na pasi zinataka maswali kama hayo, kila moja na jibu lake.

Majibu yanaweza kutafutwa. Miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu ipo, mingine ya tangu karne ya 18. Gazeti la Msimulizi lilianza kuchapwa Zanzibar mwaka 1888, na Mambo Leo likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Ninatamani vyuo vyetu vya Kiswahili viwape wanafunzi wa mwaka wa kwanza magazeti hayo, toleo kwa toleo, na kuwataka waandike kila sentensi yenye piga pamoja na tarehe na ukurasa wake, bila kuiruka hata moja kwa kuiona ya kawaida.